Bomba Nene Upande wa Mlimani

Fundi wa pampu alikuwa akipangusa grisi vidoleni pale karani wa idara ya maji alipoingia kibandani kumweleza kwamba sauti yake inatoka kwenye mabomba ya watu kule mlimani.

"Sauti gani?"

"Yako, mzee. Jana ulilalamikia goti lako kwamba halipandi tena mlima. Mtaa mzima sasa unalijua hilo goti."

"Na maji?"

"Maji ya kulowesha koo tu. Kinachobaki ni wewe."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Kosa alilijua. Pampu hutaka bomba pana upande wa kuvuta, ivute bila kuhangaika. Upande wa kusukuma hata jembamba kidogo linatosha. Yeye alifunga kinyume. Mabomba yalipoletwa, lile nene alilielekeza mlimani, kwa sababu huko ndiko alikoolewa binti yake, na mkono ulikataa kumpelekea mwanawe kitu chembamba. Tangu hapo pampu ilikuwa ikivuta kwa njaa, ikinguruma kama yenye kokoto tumboni, na ikikosa maji ilikunywa chochote kilichokuwa karibu. Karibu hakukuwa na kitu ila yeye, mgane aliyezoea kuongea peke yake. Na kwa kuwa mbele ya pampu kuna valvu inayozuia maji yasirudi, hakuna jibu lililowahi kushuka.

Karani akaegemeza ukutani bomba jipya, pana. "Lifunge hili upande wa kuvuta. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Nitalifunga."

Hakulifunga. Kesho yake alinyoa ndevu, akavaa shati la kutokea, akavuta kigoda karibu na mota, akaanza na salamu. Akamwambia binti yake kwamba upande wa marehemu mama yake kitandani yeye huweka nguo zilizofuliwa, asipaone palivyo patupu. Akamwambia kwamba siku ya harusi hakununa kwa hasira, alinuna kwa woga. Alipozima pampu koo lilikuwa limemkauka, na moyo mweupe.

Siku chache baadaye binti akashuka, ndoo mkononi, mtoto mgongoni. Hakuwa amefika kibandani hapo tangu aolewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Tunakusikia. Majirani wanakuulizia goti. Mimi nakusikiliza mpaka mwisho, sifungi bomba." Akatua ndoo. "Lakini huyu hajaoga tangu juzi. Maji, baba."

Yale yote yaliyokuwa yakimtiririka fundi mbele ya mota hayakuja. Akapangusa kigoda ili binti akae. Binti hakukaa, mtoto alikuwa analia. Basi akamchotea maji kisimani, akamtwisha.

"Kesho nafunga bomba jipya," alisema mwishowe.

"Kweli, baba?"

"Haki ya Mungu."

Akamtazama akipanda polepole, maji yakimmwagikia mtoto, mpaka akapotelea kwenye kona. Upweke ukamshika vibaya, akakaa chini.

Asubuhi alichukua spana, akalegeza nati ya kwanza. Akasikiliza kibanda kilivyokuwa kimya. Akaikaza tena, akawasha pampu, akasogeza kigoda.

"Hujambo, mama," akaliambia bomba. "Jana nilisahau kukuuliza. Mjukuu wangu ameshaota meno?"