Dalili za Hatari Mbele ya Mgeni Rasmi

Mama Priscila alibonyeza mguu wa mkwe wake kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, akashikilia vile video ilivyofundisha, kisha akaachia. Shimo likabaki. Alilitazama likikataa kujaa. Akabonyeza mguu wa pili, nao ukabaki na shimo.

"Kichwa je?"

"Kinagonga tangu jana, Mama. Na macho… naona vitu vinametameta. Asubuhi yote hii!"

"Yesu na Maria."

Mimba ya Nimpaye ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yakawa madogo, na miguu haikuingia kwenye viatu vyovyote isipokuwa kandambili za mumewe. Mumewe mwenyewe, Philbert, mwana wa Mama Priscila, alikuwa Nemba huko Biharamulo, akilima vibarua kwenye mashamba ya watu. Alipigiwa simu asubuhi hiyo, hakupatikana.

Mama Priscila hakuwa anabahatisha. Alikuwa amesoma. Mradi ulioitwa Mwili Wangu uliingia Nyakagezi, kijiji chao cha juu kwenye vilima vya Mabawe, mwaka uleule mabasi ya wakimbizi wa Burundi yalipokuwa yakipita kila wiki kwenda kambini. Wanawake walipewa kishikwambi kimoja cha kikundi. Kila Alhamisi walikaa nacho ukutani mwa kanisa dogo la kigango, upande wa mashariki tu, maana ukizunguka magharibi mtandao wa Burundi unadaka laini na kumaliza salio. Hapo walijifunza mwili: moyo unavyosukuma damu, mtoto anavyogeuka tumboni, figo zilipo. Mama Priscila, aliyezaa watoto wake wote bila kujua kama ana figo, alilipenda somo hilo kuliko misa, Mungu amsamehe. La wajawazito alilikariri lote. Kuvimba uso. Kichwa kisichotulia. Kuona vimulimuli. Ukiona hayo, wahi hospitali. Video ilisema wahi, haikusema kwa usafiri gani.

Walitembea polepole hadi zahanati, Nimpaye ameshika bega la mama mkwe. Uwanja ulikuwa umejaa turubai na viti vya plastiki, na spika inajaribiwa, halo, halo. Leo mgeni rasmi alikuwa anakuja kuzindua rasmi mafunzo ya mtandaoni, kutazama igizo la kikundi na kukabidhi gari la wagonjwa.

Na gari lenyewe lilikuwepo, jeupe, jipya, taa nyekundu juu, limefungwa utepe kutoka kioo hadi kioo. Dereva alikuwa amekaa ndani akisikiliza redio.

Gervasi, muuguzi, alimpima Nimpaye presha. Akaitazama mashine, akapima tena mkono mwingine. Akamwita Mama Priscila pembeni.

"Huyu aende Ngara mjini sasa hivi, Mama. Si baadaye, sasa hivi. Akishikwa na kifafa cha mimba hapa, sina hata sindano ya kumtuliza. Dawa iliisha, nimeagiza, naambiwa nisubiri."

"Si gari lile pale?"

Gervasi alichungulia dirishani. "Lile halijakabidhiwa. Kamwone mtendaji."

"Na bodaboda?"

"Zote zimeamriwa kwenda kumpokea mgeni barabara kuu. Hata zingekuwepo, kwa barabara hii, akianza kutetemeka akiwa juu ya pikipiki?"

Desderius, mtendaji wa kijiji, alikuwa anapanga viti vya mbele. Mtoto wa juzi huyu, Mama Priscila alimwona akikimbia uchi kwenye mvua, lakini leo kavaa suti na shikamoo imemshinda. Basi yeye mkubwa ndiye aliyeanza.

"Habari za kazi, mheshimiwa. Nina mgonjwa. Gervasi anasema aende Ngara bila kuchelewa. Naomba lile gari."

"Gari lipi?" Alimtazama kama hajaelewa. "Mama, mgeni rasmi yuko njiani. Akikuta utepe umeshakatwa nimwambie nini? Kwamba gari limezinduliwa na mkweo?"

"Si mtafungua tu! Mtaufunga tena likirudi."

"Na likirudi na matope? Likirudi na damu? Hivi unajua nimelihangaikia gari hili kiasi gani?"

"Baba, atakufa."

Desderius alisogea karibu, akapunguza sauti. Alinukia sabuni nzuri.

"Hebu nikumbushe. Huyu mkweo alizaliwa wapi vile?"

Kijiji kizima kilijua. Nimpaye alivushwa kutoka Muyinga akiwa mgongoni, ile miaka ya vita, akakulia kambini, kambi ilipofungwa akabaki. Ndoa yake ilifungwa kanisani, lakini karatasi ya nchi hii hakuwa nayo.

"Tumeishi naye vizuri, hakuna aliyemuuliza," Desderius aliendelea. "Ila watu wa Uhamiaji wiki hii wako Kabanga wanasaka waliojichanganya na wenyeji. Nikipigiwa simu nitadanganya? Leo yeye ndiye nyota wa igizo. Acheze, mgeni akate utepe, halafu gari lote lake. Mgonjwa wa kwanza! Si heshima hiyo?"

Huo ulikuwa ukatili mtupu, na Mama Priscila aliujua. Alitamani kumzaba kofi. Badala yake alisema, "Ahsante, mheshimiwa," na miguu ikamrudisha kwa mkwe wake.

Joan, afisa wa mradi kutoka Mwanza, alikuwa mpole kuliko Desderius, na hilo halikusaidia kitu. Ndiye aliyemchagua Nimpaye kuigiza mjamzito mwenye dalili za hatari, kwa kuwa alikuwa na tumbo la kweli na Kiswahili kilichonyooka.

"Ni kidogo tu, Mama," alisema, akimshika Mama Priscila mikono yote miwili. "Wafadhili wanatutazama mtandaoni moja kwa moja. Nimpaye ndiye mwanafunzi wetu bora. Mpe maji, apumzike."

"Dada, yeye sasa hivi si mwanafunzi."

"Najua, najua. Kidogo tu."

Nimpaye alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho. "Wamesemaje?"

"Wamesema ucheze kwanza."

"Nitacheza, Mama. Usigombane nao kwa ajili yangu. Watanirudisha."

Mgeni rasmi alifika jua limeshapinduka, honi za bodaboda zikimtangulia, na gari lililomleta likamshusha na kuondoka. Akapokewa kwa ngoma. Akakaribishwa na Desderius, akakaribishwa na diwani, akakaribishwa tena na mwenyekiti wa kitu ambacho Mama Priscila hakukielewa. Kila mmoja alisema atakuwa mfupi. Nimpaye alikaa kiti cha mbele na mama mkwe nyuma yake amemshika mabega, akihisi mwili ule ukipata moto na kulegea. Mara mbili alimpungia Gervasi, na mara zote mbili Gervasi alimtazama mtendaji, kisha akatazama viatu vyake. Lo, mwanamume mzima!

"Na sasa," mshereheshaji akapaza sauti, "kikundi chetu cha Mwili Wangu!"

Nimpaye akainuka. Claudia, jirani yao, alishavaa koti jeupe la muuguzi na kushika kishikwambi. Watu wakakaa sawa.

"Dada, unasumbuliwa na nini?" Claudia akaanza, kama walivyozoea.

"Kichwa kinaniuma." Nimpaye alishika paji la uso. "Naona vimulimuli. Nimevimba."

"Aaa! Hizo ni nini, akina mama?"

"Dalili za hatariii!" wanawake wakaitika, na mgeni rasmi akatabasamu.

Hapo Claudia alipaswa kufungua kishikwambi. Lakini Nimpaye aliwageukia watu.

"Si igizo, jamani. Kweli naumwa. Nipelekeni, nawaomba. Sioni vizuri. Nisaidieni!"

Makofi yakapigwa. Mgeni rasmi aligeuka kwa Joan akacheka. "Huyu angefaa televisheni!"

"Ni kweli!" Mama Priscila alisimama akapiga kelele. "Ni kweli anaumwa! Mnapiga makofi gani?"

"Na mama mkwe naye ameingia kwenye igizo!" mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, na kicheko kikaenea hadi nyuma walikokaa watoto.

Nimpaye akaanguka. Mwili ukakaza, kisha ukaanza kurukaruka juu ya mkeka, povu likamtoka mdomoni. Vigelegele vikapanda. Mpiga picha akapiga goti ili ampate vizuri. Vigelegele vilikatika pale tu Gervasi aliporuka viti, akamlaza ubavu na kumfokea Claudia amshike kichwa.

Mama Priscila hakwenda kwa mkwe wake. Alikwenda kwa mtendaji, akamkunja koti la suti mbele ya watu wote. "Kateni! Kateni huo utepe!"

Desderius alikuwa ametoka jasho. "Mheshimiwa, naomba… tuanze na gari."

Mkasi ukaletwa juu ya sinia. Mgeni rasmi alikata, na mtu akasema kwa mazoea, "Tazama huku, mheshimiwa." Kisha mgeni akatoa ufunguo mkubwa wa rangi ya dhahabu, mrefu kama mkono. Kabla Desderius hajaushika, Mama Priscila aliunyakua, akakimbia nao hadi mlango wa dereva.

"Mama, huo ni wa picha!" Joan alikuwa nyuma yake, analia. "Ni boksi tu, Mama. Wa kweli anao dereva."

"Dereva yuko wapi?"

"Alichukua gari la mradi… amefuata chakula cha wageni, Ngara."

Mama Priscila alimsikia. Alisikia pia Gervasi akiita jina la Nimpaye, mara nyingine tena, na hakuna aliyeitika. Alishika ule ufunguo kwa mikono miwili, akausukuma kwenye kitasa cha gari jipya, boksi likajikunja, akalinyoosha, akasukuma tena.