Mfereji Uliorekebishwa Bila Maji

Kwetu Free Area, mtaa wa Nakuru, maji huja Jumatano, na Jumatano ile sikuweza kukaa tangu kulipokucha. Nilifagia nyumba mara mbili. Nilichemsha chai nikaisahau. Kila baada ya dakika chache nilirudi jikoni, nikaushika mfereji wa sinki na kuukaza tena, nihakikishe umefungwa.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeuacha wazi. Ndivyo tunavyofanya sote kwenye ploti yetu: siku maji hayapo unafungua mfereji, ili yakija uyasikie yakianguka, uwahi kujaza mitungi. Lakini siku hiyo nilitoka kumwona mgonjwa wa kanisani, na maji yakaja mapema. Sufuria iliyokuwa kwenye sinki ikaziba tundu. Maji yakafurika, yakapenya sakafu, yakamnyeshea Wachuka, fundi wa nguo anayeishi chini yangu. Gauni mbili za harusi zikalowa.

Wachuka hakunipigia kelele. Niliporudi nilimkuta jikoni kwangu, amefunguliwa mlango na msimamizi wa ploti, ameinama na tambara. "Gogo, vua viatu usiteleze," ndilo neno alilosema; Gogo, yaani nyanya, ndivyo wengi wanavyoniita. Mengine aliyasema Ooko, msimamizi huyo, ambaye huniita mathe, yaani mama.

"Mathe, mwenye nyumba amesema hivi: maji yakishuka tena kwa Wachuka, hata tone, unahama."

Nimeishi nyumba hii miaka kumi na mmoja. Marehemu mume wangu aliniacha humu. Dirishani naona mlima Menengai, na kila asubuhi nauangalia kabla ya kusema na mtu yeyote. Ningehamia wapi nikaanza kujifunza dirisha jingine?

Ubaya ni kwamba tangu siku ile mfereji haukufunga vizuri. Jumatatu nilimwita Weldon, fundi wa mabomba kutoka Kaptembwo. Alibadilisha ile raba ndogo ya ndani inayozuia maji, akazungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi za kufungia bomba, akapangusa sinki hata pale ambapo si yeye aliyechafua.

"Iko sawa, Gogo."

"Umejuaje, na maji hakuna?"

Akacheka. "Hiyo tutajua Jumatano. Wewe ukifunga, tumia vidole viwili tu."

Jumatatu vidole viwili vilinitosha. Kufikia Jumatano nilikuwa nafunga kwa mikono miwili.

Saa nne na nusu mabomba yakaanza kukohoa hewa. Nikasimama mbele ya sinki kama mtu aliyeitwa na daktari. Tone likaanguka, likafuatwa na jingine, kisha ukawa uzi wa maji. Nikakaza. Maji yakaanza kutoka juu pia, chini ya kishikio, yakateremka nyuma ya sinki kuelekea sakafuni. Nikaweka beseni, nikampigia Weldon.

"Niko njiani, Gogo! Nimefika hapa stage ya matatu."

Nyuma yake jogoo aliwika, na mtoto akaomba uji.

"Weldon, hiyo ni stage gani yenye jogoo?"

"Nakimbia, Gogo! Funga ile valvu ya chini, ndani ya kabati!"

Nikapiga magoti. Valvu haikusogea. Nani angeigusa miaka yote hiyo? Sisi maji tunafungiwa huko yanakotoka. Nilivuta mpaka kiganja kikawa chekundu, huku beseni likijaa.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Wachuka, amebeba kitu cheupe kwenye shuka, kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga.

"Yamekufikia?" nikamwuliza.

"Bado. Nimeleta gauni ya bibi harusi. Nimefikiria, Gogo, nikaona mahali pekee maji yako hayawezi kunyesha ni kitandani kwako."

Nilicheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Aliilaza gauni kitandani, akaja jikoni, akaiona valvu. "Ngoja," akasema, akashuka ngazi mbio. Alirudi na kikopo cha mafuta ya cherehani, kile chenye mdomo mrefu.

"Mashine yangu iligoma hivi hivi mwaka jana. Haitaki nguvu. Inataka kungojewa."

Akadondosha mafuta shingoni mwa valvu. Tukangoja. Nilimwaga beseni mtungini mara ya kwanza, mara ya pili. Sijawahi kuona dakika ndefu namna ile. Kisha akashika valvu kwa kitambaa, akaizungusha kidogo huku na huku. Ikalia, ikakubali. Uzi wa maji ukawa matone, na matone yakaisha.

Weldon alifika akihema, shati limelowa jasho. Alifungua mfereji, akatoa ile raba ya juzi. Ilikuwa imepondeka, imepasuka katikati.

"Nani ameipiga nyundo?"

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa nahakikisha tu."

"Gogo, ungehakikisha hadi kesho, sinki lote lingetoka ukutani!"

Lakini alisema polepole. Akaweka raba mpya, akakaza pale juu palipovuja, akafungua valvu kidogo kidogo. Safari hii mfereji ulijaribiwa ukiwa na maji. "Funga mwenyewe," akaniambia. Nikafunga kwa vidole viwili. Tone moja likaanguka. Tukangoja la pili sote watatu. Halikuja.

Ooko akatokea mlangoni. "Nimesikia mbio kwa ngazi. Wachuka, kwako kuko aje?"

"Kukavu. Nenda uangalie, sijafunga mlango."

Alishuka. Tulisikia hatua zake chini yetu, zikienda, zikisimama. Nilishika ukingo wa sinki. Aliporudi alikitazama kile kikopo kwanza.

"Ni kukavu, mathe. Basi kaa." Akajikuna shingo. "Hayo mafuta yamebaki? Valvu zote za ploti zimekwama."

Wachuka alimpa kikopo, lakini gauni hakuichukua. "Wacha ikae hapo hadi Jumamosi. Kwako kuna mwanga, nitashonea pindo hapa."

Walipoondoka wanaume nilipasha ile chai, mimi na Wachuka tukaketi karibu na dirisha, gauni imetandazwa magotini mwetu. Mara mbili mkono wangu ulitaka kwenda jikoni. Niliupa sindano.