Salamu Isiyoitikiwa

Kwa heshima na taadhima, ninatangaza kwamba siku ile sanaa ya jukwaa ilizaliwa upya Kasulu, katika ukumbi wa kihistoria. Ukumbi wenyewe ni bwalo letu la chakula, na ulinuka maharage yaliyoungua.

Ilikuwa likizo fupi. Wenzetu walikwenda kwao, Munanila, Kitanga na kwingineko. Tuliobaki kila mmoja alikuwa na sababu yake. Yangu ni kwamba kwetu Kibondo nyumba ina kufuli tangu bibi alipofariki, na mama yuko kazini Dodoma. Wenzangu niliwaambia nimebaki kuilinda shule dhidi ya maadui.

Msanii aliitwa Esteri, mzaliwa wa Kibondo, aliyecheza dansi Dar es Salaam miaka mingi. Onyesho lake lilikuwa la mtu mmoja: mwanamke anarudi kwao, anasimama mlangoni, anasalimia kwa Kiha, akipiga makofi na kuinama kama wazee wetu. Haitikiwi. Anaucheza ule ukimya mpaka mwisho. Mwenzake, Fidele, angelirekodi bila kukata, walipeleke kwenye tamasha kuomba nafasi. Siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa hiyohiyo, umeme ulikatika tangu asubuhi, na betri ya kamera ilitosha mara moja tu.

"Wadogo zangu, nawaomba kitu kimoja," alisema Esteri. "Msiitike. Nawajua. Muha akisikia makofi ya salamu anaitika hata usingizini. Mkiitika, nimekwisha."

Rafiki yangu Twalibu, ambaye baba yake ana duka mjini, akaninong'oneza, "Mwanangu, huwezi kuitika. Utaogopa."

"Mimi? Kaa hapo ujifunze."

Niliketi mbele na uso wa padri anayesubiri sadaka.

Esteri akaanza. Akatua mzigo usiokuwepo, akavua viatu, akainama. Makofi laini. "Mwakeye." Kimya. Akasogea kwenye dirisha lisilokuwepo, akasalimia tena, akauliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua. Kimya. Twalibu akanifinya paja.

Nilikuwa nimeshamsahau Twalibu na utani wetu. Esteri alipiga makofi kama bibi, viganja vimekunjwa kana kwamba vimeshika kifaranga. Tangu msiba hakuna aliyenisalimia hivyo. Bwenini salamu ni "oya".

"Mwakeye," nikaitika, nikapiga makofi.

Bwalo zima likafuata. Hata Mwalimu Tharsisi, mlezi wa bweni, aliyesimama mlangoni kulinda nidhamu, aliitika huku ameinama kabisa. Kicheko kikalipuka. Fidele akaitazama kamera, akatikisa kichwa. Imezimika. Esteri alibaki vilevile, viganja vimekutana.

"Nani ameanza?" Mwalimu Tharsisi aliuliza, akinyoosha tai.

Hakuna aliyenitaja. Walinigeukia tu, wote.

Esteri akaja akachuchumaa mbele yangu, jasho likimtiririka. "Ulikuwa utani, mdogo wangu?"

"Niliupanga utani, dada. Nisamehe. Lakini nilipoitika sikuwa natania."

"Acha maigizo wewe!" alifoka Mwalimu, na wenzangu wakacheka, maana wananijua. Mimi pia ningecheka.

"Ni kweli, dada," nikasema. "Bibi yangu alisalimia hivyo. Nilidhani ananisalimia mimi."