Goti la Floyd

Daktari Wendell Haupt aling'oa meno ya watu wa Dayton, Ohio, kwa miaka thelathini. Alipostaafu, akatumia miaka minane kufufua gari moja: Hadley ya mwaka 1963, nyekundu, milango miwili. Mkewe, Marlys, alisema miaka hiyo yote alikuwa ameolewa na jozi ya miguu iliyotokeza chini ya gari.

Juni moja wakalileta kwenye maonyesho ya magari ya zamani ya wilaya. Jaji mkuu alikuwa Delbert Kroll. Mimi, fundi bomba siku za kawaida, nilikuwa msaidizi wake, mshika karatasi ya alama. Sisi hatutafuti gari zuri. Tunatafuta gari lililo kama lilivyotoka kiwandani, na kiwanda cha Hadley kilifanya kazi kama mtu anayewahi chakula cha mchana. Rangi ilichuruzika, bolti zilikaa upande. Ukizirekebisha, unakatwa alama. Anayepata tisini na tano kwa mia anavishwa utepe wa bluu. Wa chini ya hapo anapewa mkono na kuambiwa asante kwa kuja.

Delbert alijilaza chini ya gari na tochi yake.

"Daktari, huku rangi umeilainisha."

"Kidogo tu, bwana."

"Kiwanda hakikulainisha hata kidogo. Kata tatu."

Nikakata. Akafungua boneti. Nyuma ya injini, kwenye bati, kulikuwa na herufi K iliyoandikwa kwa chaki ya njano. Delbert akafunua kitabu chake.

"Wakaguzi wa kiwanda walitumia chaki ya bluu."

"Niliikuta hivyo chini ya grisi!" Wendell alilia. "Sehemu ile sikuigusa. Nina picha!"

"Labda ni fundi wa mtaani, miaka ya baadaye. Kata tatu."

Zikabaki tisini na nne: moja tu chini ya utepe, na hiyo moja ilitosha kumuua mtu. Wendell akaegemea gari, akakumbuka lina rangi mpya, akasimama wima.

Hapo ndipo bibi mmoja mwembamba, mkononi ana mkate wa nyama ya nguruwe uliomzidi uso kwa ukubwa, akapenya katikati yetu na kuchungulia injini.

"Ee! K yangu hiyo," akasema.

Aliitwa Ardith, umri miaka themanini. Mwaka 1963 alikuwa mkaguzi kiwandani, jina lake la ubini Kunkel.

"Mama, wakaguzi walitumia bluu," Delbert akamwambia kwa upole wa kumfukuza.

"Bluu ilikwisha, mwanangu. Wiki mbili nzima. Nikaenda na chaki ya njano ya shule, ya mdogo wangu. Kitabu chako kilikuwepo?"

Delbert, mwenye miaka sitini na miwili, hakuwa ameitwa mwanangu siku nyingi. Akampa kalamu na karatasi, akasimama mbele ya injini ili asiione. Bibi akaandika K. Mguu wa mwisho wa herufi ulijikunja kama mkia wa nguruwe. Tukalinganisha na ile ya kwenye bati: mkia uleule.

"Rudisha tatu," Delbert akanung'unika.

Wendell alimbusu bibi mashavu yote mawili. Laiti angemwacha aende zake! Badala yake akamwambia, "Tazama, mama, tazama kazi yenu ilivyorudi!" Naye Ardith akatazama.

"Mlango huu wa kushoto umefunga vizuri," akasema.

"Asante!"

"Haukuwahi kufunga hivi. Ulikuwa ukigoma, basi Floyd, fundi wetu wa milango, anaupiga goti hapa chini. Kila gari. Pakabaki kibonyeo."

Delbert akatoa tochi. "Kibonyeo hakipo. Kata mbili."

"Mama, twende nikununulie maji ya limau baridi," Wendell akasema, akimvuta kiwiko.

"Subiri kwanza. Na ndani ya buti la mizigo mbona mmepaka rangi yote hii? Sisi tulipitisha rangi mkono mmoja tu, bati lilionekana."

"Mama, nakusihi!"

"Mimi nasema kweli, daktari. Sikulelewa vingine."

"Kata moja," akasema Delbert, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu. Tisini na nne. Marlys alicheka hadi akaketi kwenye nyasi.

Siku mbili Wendell alilizunguka gari lile na kitambaa cha kufutia. Siku ya tatu akampigia simu Ardith, akamwomba aje gereji kwake. Alikuja, na Marlys akamwandalia keki. Buti likakwanguliwa. Ukabaki mlango, na Wendell akashindwa: kila akiinua goti, machozi yanamlenga.

"Sogea," Marlys akasema. "Mama, nipige wapi?"

"Hapo, chini ya kitasa. Floyd alikuwa akitukana kwanza."

Marlys akatukana, tusi refu ambalo mumewe hakujua kuwa analo, kisha akaupiga mlango goti lenye hasira ya miaka minane. Ardith akapapasa kibonyeo, akaitikia kwa kichwa.

Mwaka uliofuata walipata tisini na sita. Delbert alimsihi Ardith awe jaji, akakataa: alishayakagua magari hayo mara moja, alisema, na yalikuwa mabovu. Utepe wa bluu alivishwa Marlys.