Sahani Zilizorudi Tupu

Binti yangu alipojifungua, hakunipigia simu yeye. Alinipigia mkwe wangu, fundi wa lifti, kijana mpole anayeongea kama mtu anayeogopa kuamsha waliolala.

"Baba," akaniambia, "likizo yangu inaisha Jumatatu. Yeye hana mama wa kumshika mkono. Huwezi kuja, hata wiki mbili tu?"

Nilikuwa mbali, nawapikia watu wa kambi ya barabara. Ndiyo kazi yangu tangu ujana. Barabara ikiisha kambi inahama, nami nahama nayo. Hata utotoni shule niliisoma hivyo hivyo, darasa moja huku, jingine kule, mengine nikayaruka. Binti yangu nilimwacha anatambaa, nikarudi nikamkuta anaandika, nikaondoka tena, nikarudi nikamkuta na mchumba. Mama yake alipofariki nilifika siku ya tatu, watu wameshaanza kutawanyika. Sasa mtu kama mimi akiambiwa njoo, haulizi mara mbili. Nilikifunga kisu changu kwenye gazeti nikapanda basi.

Wanakaa ghorofa ya nne. Mume ni fundi wa lifti na jengo halina lifti. Nilizipanda zile ngazi nikimcheka moyoni, pumzi ikanikata kabla kicheko hakijaisha.

Binti yangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto begani, nywele amechana upande mmoja tu.

"Baba," akasema. "Umekuja kweli."

Hakuwa na nia mbaya. Lile "kweli" ndilo lililonichoma kidogo, nikalimeza.

"Umekula?"

"Nitakula."

Neno hilo nilikuja kulisikia mpaka nikalichukia.

Jikoni kulikuwa na vikombe vya chai vimejaa kwenye sinki, mkate uliokauka pembe, na pakiti za biskuti. Nikafungua friji. Chini kabisa, kwenye droo, nikakuta mboga walizonunua kwa nia njema: mchicha umegeuka ute ndani ya mfuko, karoti zinapindika kama kamba, boga zima ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa. Mkwe wangu akasimama nyuma yangu kama mwanafunzi aliyekutwa hajafanya kazi ya nyumbani.

"Tunanunua, baba. Muda wa kupika ndio hatuupati."

"Kupika hakuli muda," nikamwambia. "Kinachokula muda ni kumenya na kukata huku mtoto analia. Kisu kwanza, moto mwisho."

Siku ya kwanza niliharibu. Mkono wangu umezoea watu arobaini, haujui kiasi cha watu wawili. Nilikata kabichi mbili, karoti na vitunguu, nikaweka mafuta, kugeuka sufuria imefurika.

"Baba," mkwe wangu akasema akichungulia, "tualike jengo zima au wa ghorofa hii tu?"

"Nyamaza, shika mwiko."

Baada ya hapo nikajirekebisha. Asubuhi, kabla hajaenda kazini, tulikaa mezani wawili tukakata mboga za siku nzima. Mchicha unaoshwa, unakaushwa kwa kitambaa, unakatwa. Karoti vipande vyembamba ili ziive upesi. Boga vipande vidogo na ganda lake, likiiva linalainika lenyewe. Kila kitu kwenye chombo chake, kifuniko juu, ndani ya friji. Dengu tulichemsha mara moja za siku tatu. Ikifika saa ya kula, kikaango kinapata moto, kitunguu, nyanya, tangawizi kidogo, mboga inaingia, na kabla hujamaliza kumbembeleza mtoto chakula kiko mezani. Mboga ya majani ni kama mgeni mwenye haraka, usimkalishe. Mkwe wangu alijifunza vizuri. Nilimwambia akiacha lifti nitampeleka kambini.

Kazi ilikuwa moja tu: binti yangu ale, apate nguvu na maziwa. Mtoto alikuwa na wiki tatu, na kliniki walikuwa wameshasema haongezeki uzito inavyotakiwa.

Chumbani sikuingia wakati wa kula. Binti ananyonyesha, kifua wazi, na baba ni baba. Kwa hiyo mkwe wangu ndiye aliyepeleka. Asubuhi sahani mbili, mchana alikuja mbio kutoka kazini sahani mbili, jioni sahani mbili. Anaingia, anasukuma mlango kwa kisigino, baada ya muda anatoka nazo, tupu.

Kambini hakuna anayekwambia asante. Sahani ndiyo inayosema. Ikirudi na chakula, umekosea chumvi. Ikirudi tupu, nenda kalale. Zile zilirudi tupu kila siku, nyingine zimefutwa mpaka rojo. Niliziosha nikipiga mluzi. Nikajisemea, miaka yote ile hukumlisha, sasa unamlisha. Hata mkwe wangu alinawiri, mkanda wake ukahamia tundu la nje.

"Ndoa imekukubali," nikamtania.

Akatabasamu, akaangalia pembeni.

Jumatatu ya kliniki ilipofika yeye alikuwa zamu, nikawasindikiza mimi. Binti yangu alishuka zile ngazi ameshika ukuta. Nikadhani ni usingizi tu, nani mwenye mtoto mchanga analala?

Muuguzi alikuwa mama mmoja mnene, sauti yake ya kuita foleni nzima. Akamweka mjukuu wangu kwenye mizani. Akamtoa, akamweka tena. Kisha akamwambia binti yangu naye apande ile mizani ya wakubwa.

"Mama," akasema, "mtoto yuko pale pale kama juma lililopita. Na wewe umepungua kilo tatu. Unakula?"

Binti yangu akaangalia sakafu.

"Anakula, dada," nikajibu. "Mimi ndiye mpishi. Mboga, dengu, mara tatu kwa siku. Sahani zinarudi nyeupe."

"Mzee, sijakuuliza wewe," yule mama akasema, si kwa ukali. "Na mizani haina upendeleo. Mrudi Ijumaa. Akiwa hajapanda, nawalaza wote wawili."

Njiani binti yangu alitembea polepole, mtoto begani. Nilibeba mfuko wa nepi, nikahesabu sahani kichwani, hesabu ikakataa.

Mchana mkwe wangu alipoingia nilimngoja jikoni. Sikuwasha jiko.

"Mwanangu, niambie. Hivi chakula kinakwenda wapi?"

Akashika kiti, hakukaa.

"Nakula mimi, baba."

"Kipi?"

"Chake."

"Siku zote hizi?"

"Tangu siku ya pili. Siku ya kwanza alijaribu." Akajifuta uso kwa mkono mzima. "Aliniambia, usimrudishie baba chakula, ametoka mbali, utamvunja moyo. Nikadhani ni siku moja, mbili. Halafu nikashindwa kusema. Kila nikitoka nazo nakukuta umesimama hapa unazingoja, na umefurahi."

Nilitaka kumpiga kofi, nikatafuta sababu ya kutosha, sikuipata. Kijana alikuwa amekula sahani za watu wawili kwa wiki mbili ili mimi nipige mluzi.

Nikabisha mlango wa chumbani. Binti yangu akavuta khanga, akaniruhusu niingie.

"Chakula changu kina nini, mwanangu? Chumvi?"

"Hakina kitu, baba. Ni kitamu, harufu yake naipenda." Alikuwa anamtikisa mtoto taratibu, naye mtoto wala hakuwa analia. "Nikiinua kijiko, analia. Na asipolia, mimi namsikia analia. Hata sasa hivi namsikia. Koo linajifunga, hakipiti kitu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningekwambia nini? Ulikuja."

Mimi katika maisha yangu najua maswali mawili: chumvi imezidi, au chumvi imepungua. Hili la koo linalojifunga halikuwa kwenye jiko langu. Hata hivyo nilijaribu. Unafanya nini tena?

Boga nililiponda, nikalizimua na maji, nikalitia kwenye kikombe anywe kama chai, mkono mmoja unatosha. Likapoa pembeni ya kitanda mpaka likafanya ngozi. Karoti nikazikata vijiti, nikaziivisha kidogo, azitafune akitembea. Nikazikuta kwenye pindo la khanga aliyomfungia mtoto, zimekauka. Jumatano nikamwambia, nipe mtoto, wewe kula.

"Njoo, mchumba wangu," nikamwambia mjukuu. "Njoo kwa babu."

Mchumba akanitazama mara moja, akaanza kulia kama mtu aliyeibiwa. Nikampeleka sebuleni, nikampeleka jikoni, nikasimama naye chooni nimefunga mlango. Zile kuta ni nyembamba, unamsikia jirani akigeuza ukurasa. Nilipotoka, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, kijiko mkononi, kimejaa mchicha vile vile.

"Nipe tu, baba."

Nikampa. Mtoto akanyamaza. Kijiko akakiweka juu ya kabati.

Alhamisi mkwe wangu aliomba ruhusa kazini. Tukakaa wote watatu, yeye na mimi tukimwangalia binti yangu. Akala vijiko vinne mbele yetu, ameyafumba macho, kama mtoto anayenyweshwa dawa. Cha tano akakimbilia chooni. Tulimsikia. Alirudi anasema samahani, baba, samahani, nami nikamwambia aache, asile tena kwa ajili yangu. Usiku huo sikuwa na la kukata.

Ijumaa mizani ikasema vile vile. Yule muuguzi hakutugombeza. Aliandika, akamshika binti yangu kiwiko, wakaingia wodini pamoja na mtoto.

Jumamosi asubuhi nilipika kuliko nilivyowahi kupika. Mchicha niliuchagua jani moja moja. Dengu nilizichekecha. Tangawizi niliikwangua, sikuikata, isimkwaruze koo. Nikatia kwenye chombo, nikakizungushia taulo kisipoe, nikaenda kwa miguu ili basi lisinimwagie.

Mlangoni mwa wodi kulikuwa na mlinzi kwenye kiti cha plastiki.

"Chakula cha nje hakiingii, mzee."

"Ni mboga tu."

"Hata yawe maua. Saa ya kuona wagonjwa ni saa kumi."

"Binti yangu yumo humo. Na mjukuu."

Akanihurumia kidogo. "Chungulia kwenye kioo basi. Usiguse mlango."

Kioo kilikuwa kidogo, kimejaa alama za mikono ya watu. Binti yangu alikuwa kitanda cha tatu. Mtoto hakuwa naye.

"Mtoto yuko wapi?" Sauti yangu ilitoka vibaya.

"Usiogope. Watoto wapo chumba cha nyuma, wauguzi wanawabeba kwa zamu ili mama apumzike. Kuna milango miwili katikati. Hata walie vipi, huku hakisikiki kitu."

Nikachungulia tena. Alikuwa ameshika bakuli la bati. Kabichi. Naijua kabichi iliyochemshwa na mtu asiyejali: imekuwa kijivu, inaelea kwenye maji yake, na vipande vya karoti vinene kama vidole gumba, katikati bado vibichi, nilivisikia vikikatika kwa kuangalia tu taya lake. Kambini ningefukuzwa kabla ya jua kuzama.

Alikuwa anakula. Ameinama, bakuli kalikumbatia kwa mkono mmoja, kijiko hakipumziki. Hakufumba macho. Mara moja aliacha kutafuna akainua kichwa, akageukia upande wa ule mlango wa nyuma, akasikiliza. Kisha akarudi kwenye bakuli. Alipomaliza akaangalia huku na huku, mhudumu akaja na sufuria yake, akamwongeza upawa mmoja, naye akaanza upya.

Wiki mbili nilimpikia. Kilichokuwa kinatakiwa ni milango miwili, na kabichi yoyote.

Nilitaka kugonga kioo. Mkono ulishainuka. Halafu nikawaza: akiniona ataweka bakuli chini, aje kuniuliza kama mimi nimekula. Nikasogea, nikasimama penye ukuta ambapo kioo hakifiki, chombo nimekikumbatia na taulo lake.

Mlinzi akanitazama muda mrefu.

"Mzee, vipi, umepotea?"

"Hapana," nikamwambia. "Naacha amalize."