Ngozi Zenye Kuanikwa Nguba

Kila siku ya ine ya juma, asubuhi, wamama wenye kufua walishuka mutaa wa Nguba na mabasani juu ya kichwa, na farasi za Citoyen Honoré zikavua ngozi zao. Zilivua pole pole, kuanzia kwa shingo, kama mutu mwenye kuvua triko yenye kumubana. Kisha zilirudi ndani ya nyumba yao, zikasimama mule bila ngozi, nyekundu, zikingoja.

Wamama walibeba ngozi mpaka kando ya ziwa. Walitafuta kupe kwenye fasi wanapenda kujificha: ndani ya masikio, chini ya mukia, katikati ya miguu ya nyuma, kwenye mizizi ya manyoya ya shingo. Waliwatoa na kucha, wakawatupa mu kopo ya mafuta ya taa. Kisha walikoroga unga wa dawa mu maji, wakasugua ngozi pande zote mbili na kuianika kwa kamba. Mangaribi, ngozi ikisha kukauka, kila farasi ilivaa yake na kwenda kula.

Zamani farasi zile zilikuwa za muzungu moja mwenye shamba ya kahawa. Mwaka ule mali ya wageni iligawanywa na État, Honoré alipewa villa, mutumbwi wa moteri na farasi. Kwa makaratasi alikuwa sasa na jina la mababu, kama kila mutu mu Zaïre, lakini Nguba yote iliendelea kumuita Honoré, ila tu walitanguliza Citoyen. Alijifunza kupanda farasi kwa woga, na akaweza.

Dawa ilikuwa kali. Kwa makopo yake kulikuwa picha ya kichwa ya farasi. Kupe waliisikia harufu tu, wakaanguka. Mikono ya wamama nayo ililegea. Clémence, mukubwa wa kufua, ngozi ya vidole vyake ilikuwa inazunguka kama pete. Gants za caoutchouc za kukinga mikono zilikuwako, pea moja. Citoyen Honoré alizivaa saa ya kupita kuangalia kama ngozi zimetakata.

Noëlla aliingia mu kazi ile kisha Pasaka. Alikuwa amemaliza masomo ya primaire, na mama yake, Eulalie wa Kadutu, mutaa wa juu ya mulima, hakuwa na namna ya kumusukuma mbele. Lakini Eulalie alikuwa mutu wa woga. Zamani, wakati walikaa kule Walungu mu nyumba ya udongo, mutoto wake wa kwanza alikufa na kimputu, homa ile ya kupe wenye kukaa mu vumbi ya nyumba. Tangu pale, kila kidudu chenye miguu mingi kilikuwa kwake mauti yenye kutembea. Kila mangaribi alimusimamisha Noëlla kwa mulango, akainua taa, akamuangalia kutoka nywele mpaka kisigino, mbele aingie kwenye Firmin, mutoto wa mwisho, alikuwa analala.

«Maman, kupe ya farasi haiko kimputu.»

«Ulimuuliza jina yake? Kupe ni kupe. Kung'uta nguo inje kule!»

Siku moja alikuta kupe moja nyuma ya goti ya Noëlla, muzima, munene kama punje ya haragi. Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Alichoma kikwembe cha Noëlla mu moto, na akamuambia: «Siku utaniletea ingine, utalala inje na mbwa.»

Noëlla alikuwa mutoto wa kusikia. Siku ya ine yenye kufuata, kisha kumaliza kufua, alienda nyuma ya matete, akavua ngozi yake. Haikuwa kazi ngumu. Mikono ilikuwa imekwisha kulegea mpaka kwenye mabega, na alikuwa ameona mara nyingi namna farasi wanafanya. Akaifua na maji ya dawa yenye kubaki.

«Weye! Unafua mpaka hiyo?» Clémence alisema, na wenzake wakacheka.

«Maman anapenda usafi.»

«Basi geuza upande wa ndani. Ile midogo midogo inakaa mule.»

Noëlla aligeuza, akasugua, akaianika ku mwisho wa kamba, nyuma ya ngozi za farasi. Akaketi juu ya jiwe kungojea jua.

Jua halikubaki. Upepo ulitoka upande wa kisiwa cha Idjwi na mvua ndani yake. Gaston, zamu mwenye kulinda pale, alikimbia, akatoa ngozi za farasi moja moja, akaziweka chini ya paa ya manjanja. Alifika kwa ngozi ya mwisho, akaiona, akarudi nyuma bila kuitoa. «Ya watu sikuambiwa,» alisema kisha, bila ubaya. Upepo uliichukua. Wavuvi wenye kuingia na mitumbwi waliiona inapita juu yao, mikono wazi, inaenda kati ya ziwa, na moja wao aliinua kofia.

Noëlla alipanda Kadutu mu kikwembe cha Clémence. Eulalie alikuwa kwa mulango na taa. Alimuangalia kutoka juu mpaka chini, pole pole, kama kila siku.

«Leo uko safi,» alisema. Kisha akauliza: «Na ngozi?»

«Ilienda na upepo.»

«Kila siku ninakuambia, kitu ya kuanika inachungwa.»

Juma lile hakuna mutu alipumuzika mu nyumba ya Eulalie. Noëlla hakuweza kuketi juu ya mukeka, wala kulala, wala kuegama. Moshi ya makala ilimuuma, hewa ilimuuma. Alitoka kwa mulango kwenda ku ukuta, kutoka ku ukuta kwenda kwa mulango, na Eulalie alimufuata nyuma na jani ya ndizi, akifukuza nzi. Akisimama, nzi wanatua. Akitembea, vumbi inashika. Firmin alizoea kulala mu mulio wa miguu, na kama ilinyamaza kidogo aliamuka na kulia. Maman Madeleine, jirani, alileta ngozi ya mbuzi waliyochinja Noeli. Ilifunika tumbo tu. Infirmier wa disipanseri alisema dawa ya ngozi anayo, lakini kwanza ngozi iwe pale.

Kisha Eulalie aliona mabega ya mutoto wake yanaanza kukauka na kuwa meusi, kama nyama yenye kulala sokoni. Alielewa ya kama kiangazi kikimukuta vile, na vumbi yake, hatakimaliza. Alimufunga Firmin mugongoni, akamushika Noëlla kwa kikwembe, wakashuka Nguba.

Citoyen Honoré alikuwa kwa baraza, anakula avoka na chumvi.

«Citoyen, mutoto wangu alipoteza ngozi kwa kazi yako.»

«Kwa kazi yangu, ao kwa kamba yangu? Nani alimuambia aanike pale?»

Jibu ya ile Eulalie aliijua; akaonyesha zamu na kidole.

«Gaston aliiona, Citoyen. Aliiona na akaiacha.»

«Gaston iko zamu ya farasi, maman. Zamu ya watu, uombe kwa État.»

Gaston, kwa barrière ya kuingilia, alicheka, kisha akaona Noëlla anabadilisha mguu, huu na huu, huu na huu, na akaacha kucheka.

Citoyen Honoré hakuwa mutu mubaya. Alifuta mikono, akafikiri. Alisema iko farasi muke aliyekufa na ugonjwa ya tumbo mu janvier. Ngozi yake ingali mu depo, imefuliwa, imepakwa mafuta, haina hata tundu.

«Ninaweza kumupatia ile. Lakini ngozi ya farasi inabaki hapa. Siwezi acha mali yangu inapanda Kadutu.»

«Atalala wapi?»

«Na wenzake. Majani makavu iko, manjanja haivuji.»

«Na kula?»

«Mahindi. Karoti siku ya Mungu.»

«Na dawa ya kupe?»

«Kila siku ya ine, maman. Hiyo hatukosake.»

Eulalie alitazama ile manjanja. Ya nyumba yake ilikuwa inavuja pande mbili, na dawa hakuwa nayo siku yoyote. Alitaka kuomba siku ya kufikiri.

«Maman,» Noëlla alisema, «inauma. Nivalishe.»

Walianza na miguu ya nyuma. Eulalie alivuta, Clémence akasukuma. Kwa shingo ilikuwa ndefu kidogo, na Eulalie alikunja pale, namna mama anakunja mukono wa uniforme ya masomo ili mutoto aikulie. Noëlla alijitikisa mara moja, na nzi wote waliondoka. Kisha alisinzia akiwa wima. Eulalie alibaki pale mpaka giza, hakutaka kusogea, juu mutoto alikuwa analala.

Ile fasi ya Noëlla kwa kufua, Eulalie aliichukua mwenyewe. Aliwaza: kama kuna mutu wa kusugua ngozi ile, ni mimi. Kila siku ya ine alianza na ile ya Noëlla, akatafuta kupe mu masikio na chini ya mukia kwa kucha zake zote. Mikono yake ilianza kulegea, kwanza vidole, kisha kiganja. Citoyen Honoré aliingiza wasichana wengine wawili kwa kazi. Mama zao walikuja kushukuru kwa baraza, na kila moja alileta kuku. Eulalie aliwaonyesha mikono yake. Waliangalia, wakasema hata jembe inaharibu mikono. Wewe mama mwenye kusoma hii, kama msichana wako ameitwa fasi ile, uulize kwanza wanachunga nini pale, na wanaacha nini ku mvua.

Siku ya Mungu moja, Eulalie akitoka Misa, Citoyen Honoré alipita kwa barabara ya Nguba juu ya Noëlla, akimuonyesha mali yake mugeni moja mwenye kofia. Manyoya yalikuwa yanang'aa. Citoyen alisimama kwa heshima.

«Unaona, maman? Kwangu hana hata kupe moja.»

Eulalie alikaribia. Aliingiza kidole mu sikio la Noëlla, akatafuta mpaka chini, kisha lile lingine. Noëlla aliinamisha kichwa ili amurahisishie.

«Ni kweli, Citoyen. Hakuna.» Akafuta kidole kwa kikwembe. «Na gants za wale wasichana wapya?»

Mugeni aliuliza huyu mama ni nani.

«Ni mama yake,» alisema Citoyen Honoré. Akamugusa Noëlla mu mbavu na kisigino, na akaenda.