Amplifaya Mbili Sokoni Hedaru

Watu wa milimani walipokataa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko waliyoamriwa, aliyeulizwa sababu ni Melkizedeki, karani aliyewasomea raia matangazo ya serikali kwa niaba ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Ukweli aliujua: matuta ya kwanza yalisombwa na mvua pamoja na mahindi ya watu. Lakini ukweli wa namna hiyo haujawahi kumpandisha karani cheo, naye alikuwa akiumezea mate ukarani mkuu wa Same. Akaisingizia amplifaya, mashine ya kukuza sauti aliyoisomea matangazo. Alisema imechakaa, inakwaruza, inameza maneno kabla hayajawafikia raia.

Bwana Shauri, Mwingereza aliyependa kosa lenye nyaya, akaagiza mpya kutoka Nairobi. Ilipofika, Melkizedeki aliitegea sikio, akafumba macho, akaapa kwamba ile ya zamani ni debe na hii ni kinanda cha kanisani. Tofauti hakuisikia hata chembe. Aliisifu kwa madaha mpaka mwenyewe akaamini maneno yake.

Bwana Shauri akataka ushahidi. Siku ya soko wakashuka Hedaru na lori lenye betri, mashine zote mbili zikafichwa nyuma ya turubai. Melkizedeki akasoma tangazo lile lile mara mbili, mara ya pili akikaza koo ili mpya ishinde. Alikuwa akijipalia makaa, mjinga yule. Kisha watu wakaulizwa ni ipi iliyosikika vizuri zaidi.

Aliyejibu ni Dina, muuza maharage, shangazi yake Melkizedeki.

"Mwanangu, zote tumezisikia neno kwa neno," alisema. "Ya kwanza imetuambia tuchimbe matuta, na ya pili imetuambia tuchimbe matuta. Tofauti yake sisi hatujaiona."

Soko zima likamuunga mkono. Melkizedeki akamkonyeza, akamsihi afikiri tena. Shangazi akaendelea kupima maharage.

Bwana Shauri aliandika majibu yote bila kukasirika, na utulivu huo ndio uliomtia karani hofu. Alipofunga daftari, alimtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Basi mashine zote mbili ni nzima," alisema. "Kilichobaki ni msomaji."

Siku ya soko iliyofuata tangazo lilisomwa na karani mwingine, Hezroni, kwa amplifaya mpya. Melkizedeki, sasa raia tu, alilisikia lote barabara akiwa amesimama kando ya shangazi yake. Kisha akapanda zake mlimani, na jembe hakuligusa.